Ploti ya Mama Cate

Soko la Mifugo, Kitengela
17 Januari 1994

Kwako Mama Cate,

Ukiona mwandiko unaruka-ruka usiseme Khadra amezeeka. Ni beberu mmoja mjinga anayenitafunia ncha ya shungi ninapoandika. Sisi tu wazima. Faysa wangu amepona homa. Mvua ndiyo imetusahau. Naamini Kajiado inawatunza, wewe na Mheshimiwa wetu, na Cate huko bwenini kwao.

Sasa nisikilize. Jumamosi tulipofika sokoni tulikuta mawe ya mipaka yamesimikwa kila upande, mengine katikati kabisa ya uwanja. Moja liko pale pale ulipokuwa ukiweka jiko lako la chai. Tulimwuliza chifu ni mawe ya nani, akajibu, "Hiyo ni maneno ya juu." Juu wapi? Mimi juu najua kuna mawingu, na mwaka huu hata hayo hayapo.

Wewe unajua uwanja huu ni nini kwangu. Marehemu Haibe aliuzia hapa mbuzi wake wa kwanza, na hapa ndipo nilipobaki nikiuza baada ya kumzika. Wazee wa Kimaasai waliuacha uwe wa kila mtu aliye na mnyama wa kuuza, awe Mmaasai, Mkikuyu au Msomali. Nikiondolewa hapa, Gathoni, sina pengine. Sina shamba, sina duka, na Faysa bado anasoma.

Kwa bahati nzuri diwani wetu ni mume wako! Gakuru aliyekuwa dalali wa mbuzi hapa hapa, koti moja mwaka mzima. Mwaka juzi tulimbeba begani tukipunga vidole viwili vya upinzani, tukampigia vigelegele mpaka sauti zikatupotea. Alisimama juu ya pipa la maji akasema uwanja huu hautaguswa yeye akiwa hai. Nina hakika hajaambiwa. Watu wa kaunsili wanamficha kwa sababu ni wa upinzani. Mwambie aje.

Barua hii namkabidhi Bedan, dereva wa lori la maji la kaunsili, kwa sababu Posta ikipewa barua huilalia kwanza.

Jirani yako wa siku zote,
Khadra Mowlid


Kajiado
24 Januari 1994

Mama Faysa mpendwa,

Barua yako imefika na imenichekesha, hasa huyo beberu. Mpe shungi lote, ununue jipya.

Nilimsomea Baba Cate maneno yako wakati wa chakula. Akaguna. Akasema hao ni wapima barabara, mawe yatang'olewa, nisijijaze kichwa na mambo ya soko. Kisha akataka kujua ni nani anayeleta barua. Nikamwambia nimeitoa Posta.

Kwa hivyo usiwe na wasiwasi. Mimi niko sawa. Nyumba ya kaunsili ni kubwa, mtu anaweza kumwita mwenzake asisikike. Siku hizi kazi yangu ni chai ya wageni. Ningekutajia wageni wenyewe, lakini hayo tuyaache tuonane ana kwa ana.

Msalimie Naipanoi, muuza maziwa wetu, umwambie maziwa ya huku yana maji kuliko mto.

Wako,
Gathoni


Kitengela
14 Februari 1994

Gathoni,

Nimefunga, na aliyefunga hatakiwi kutukana. Kwa hivyo kazi ya barua hii ni ngumu.

Leo kulikuwa na baraza la chifu. Tumeambiwa soko lifungwe. Tarehe tisa Machi linaletwa tingatinga, na uwanja utajengwa kituo cha petroli na lojingi ya wasafiri. Tarehe tisa! Siku chache kabla ya Idd, wakati ambapo kila Mwislamu kuanzia hapa mpaka Athi River anatafuta mbuzi. Nikasimama nikasema, chifu, sisi tutauzia wapi? Akanijibu mbele ya watu, "Wewe mama uko na kwenu. Si urudi?"

Nilizaliwa Garissa, Gathoni. Kipande cha Kenya, kitambulisho chenyewe, ninacho, na kile kikadi cha pinki walichotupa Wasomali peke yetu pia ninacho. Nina karatasi nyingi za kuonyesha kwetu ni Kenya kuliko chifu mwenyewe.

Mzee Parsaoti, mkubwa wa wale wazee wa Kimaasai, akasimama kwa fimbo yake akasema hataondoka bila kuambiwa mwenye ploti ni nani. Chifu akapekua, akakohoa, akasoma: Teresia Gathoni Wachira.

Naipanoi akanigeukia akaniuliza, "Si huyo ni yule wako?"

Ni yule wangu. Ni yule ambaye askari walipochoma vibanda vya chai, nilificha sufuria zake chini ya ngozi za mbuzi nikawaambia sijui lolote. Ni yule niliyemtetea wiki nzima, na mume wake nikamtetea, nikiwaambia watu Gakuru anaonewa. Naye alikuwa akiniandikia habari za wapima barabara!

Tuliambiwa uhuru wa kwanza uliliwa na wachache, na huu wa vyama vingi ni wetu sote. Kumbe sufuria ni ile ile, waliobadilika ni walaji. Kuhusu Gakuru sishangai sana, mwanasiasa ni mwanasiasa. Kilichoniuma ni wewe.

Usinijibu.

Khadra


Kajiado
18 Februari 1994

Khadra,

Umesema nisikujibu. Ninakujibu.

Sikujua. Naapa kwa kichwa cha Cate, sikujua. Nilishuku kitu, hilo nakubali, kwa sababu wageni ninaowapikia chai ni wale wale wa chama tawala tuliokuwa tukiwakimbia na sufuria kichwani. Wanaketi kwenye sofa zangu wanamwita Gakuru "ndugu yetu." Nikiingia, maongezi yanageuka kuwa ya mpira. Nilikuwa naona aibu kukuandikia hayo.

Lakini jina langu! Mwezi wa Novemba alichukua kipande changu akasema ni cha mambo ya shule ya Cate. Akaniletea karatasi, akaziba maandishi kwa kiganja, akanionyesha pa kutia sahihi. Nami nikatia huku nikichungulia maziwa yasifurike. Nilitia sahihi kama mke anavyotia.

Barua yako niliisoma jikoni nimesimama. Nililia kidogo, kisha nikashikwa na hasira, na hasira imenifaa kuliko machozi. Jana nilivaa kofia yangu ya kanisa, nikaenda ofisi ya ardhi peke yangu. Nilimwambia karani nimekuja kuangalia ploti yangu ya Kitengela. Unajua alifanya nini? Alisimama akanipa kiti. "Karibu, mama. Iko sawa kabisa, ni yako."

Basi nikaketi pale nikifikiri. Aliniandikisha kwa jina la baba yangu ili watu wasione lake. Ndivyo wanavyofanya wote, Khadra. Ploti za waheshimiwa wa Kajiado zina majina ya wake zao, na wake wenyewe hawajui hata zilipo. Wanaona mke ni kalamu. Kalamu haina la kusema.

Lakini kama ni yangu, basi ni yangu.

Usimwambie mtu neno. Mwache Naipanoi anitukane, yeye hutukana vizuri. Niambie tu mmepanga kufanya nini hiyo tarehe tisa. Gakuru anasema atakuja mwenyewe na D.O., mkubwa wa tarafa, na tajiri wake wa petroli, na kwamba kutakuwa na hema na hotuba. Kuna jambo kubwa anataka kutangaza.

Gathoni


Kitengela
24 Februari 1994

Mama Cate,

Barua yako nimeisoma mara ya kwanza kwa kisirani, mara ya pili kwa kicheko. Nilikuona na ile kofia! Karani maskini alidhani ni mke wa waziri.

Ninakuamini. Lakini nisikudanganye, moyo bado unachechemea, na utapona kwa mwendo wake. Ukiwa mbele yangu nitajua.

Mpango ni huu. Vijana walitaka kurusha mawe. Mzee Parsaoti akakataa, akasema mawe yatawapa askari sababu ya kupiga risasi. Naipanoi ndiye aliyesema, "Hii ni kazi ya wanawake na nyasi." Huku kwa Wamaasai, mtu akishika nyasi mkononi akiomba, hapigwi. Hata aliyeinua mkuki huushusha, na asiposhusha amejitia laana. Mwenye tingatinga amemwajiri kijana wa hapa hapa, na askari wengi ni watoto wa mama hawa hawa. Kwa hivyo tutaketi chini uwanjani, Wamaasai, Wakikuyu, Wasomali, kila mmoja na nyasi zake. Mimi nilimwuliza kama nyasi zinasikia Kisomali. Akanijibu, "Wewe shika tu, zitakusikia."

Shida ni moja, na unaweza kuicheka. Lazima ziwe mbichi. Kavu, asema Naipanoi, ni za kuwashia moto. Na wapi kuna nyasi mbichi mwaka huu? Nimetafuta mpaka Isinya. Nilifika kwenye lango la shamba moja la maua, mlinzi akanifukuza akidhani naomba kazi. Ng'ombe wanakula makaratasi. Mungu asipoleta mvua kabla ya tarehe tisa, tutaketi na mikono mitupu.

Tuombee. Omba kwa Kikuyu pia, huenda tumekuwa tukiomba kwa lugha isiyofaa.

Khadra


Kajiado
2 Machi 1994

Khadra,

Nyasi ziko.

Mbele ya nyumba yangu kuna bustani ya kijani kibichi mpaka macho yanauma. Lile lori la maji mnalolisubiri na madebe tangu asubuhi huja kwangu kwanza. Bedan hufungua bomba hapa akiwa ameinamisha kichwa, kisha ndiyo hukuleteeni yaliyobaki. Nilikuwa nayaona hayo nami nikiweka viti hapo nje ninywe chai. Sasa nikizitazama hizo nyasi nasikia uchungu.

Jumatano hiyo ya tarehe tisa Gakuru ataondoka mapema kwenda kumpokea tajiri wake Athi River. Akitoka tu, mimi na Bedan tutakuwa na panga. Tutakata yote.

Nitazileta mwenyewe mapema, kisha nitangoja kando, ndani ya lori, mpaka yeye afike. Niwekee nafasi ya kuketi, lakini nafasi ya mwisho. Kabla ya kuketi nina maneno mawili ya kusema.

G.


OFISI YA DIWANI
Kajiado
11 Machi 1994

Mama Cate, popote ulipo, ingawa najua uko kwa yule Msomali wako,

Nakuandikia nikiwa mtulivu. Nimekaa siku mbili ili niwe mtulivu.

Je, unajua ulichofanya? Nilikodi hema. Nilikodi viti. Nilimleta D.O., mtu ambaye hata kahawa yake haanzi bila kutazama saa, nikamwambia shughuli ni fupi. Tunafika, na nini ninaona? Wanawake wamekaa chini uwanja mzima, hakuna pa kukanyaga, kila mmoja ameinua mkono na nyasi. Nyasi ZANGU! Mimi ni dalali wa zamani, macho yangu hayakosei. Nilizitambua kabla sijashuka garini.

Nikamwambia kijana wa tingatinga aende polepole, watainuka wenyewe. Akaenda hatua chache akazima injini. Akashuka! Akavua kofia akaniambia, "Mzee, mimi siwezi pita hapa. Huyo wa mbele ni mama yangu mdogo na ameshika nyasi. Piga mimi kalamu, nikose kazi, kama unataka." Nikawageukia askari. Askari wakaanza kutazama mawingu yasiyokuwepo. Kisha yule mzee Parsaoti akanijia akaniambia kwa sauti kila mtu asikie, "Gakuru, ukikanyaga hawa mama na nyasi wameshika, hakuna mzee wa hapa atakusalimia tena mpaka ufe." Mimi! Mimi niliyevalishwa shuka na wazee hao hao wakati wa kampeni!

Bado ningeweza kuokoa mambo. Ningemleta dereva mwingine. Lakini ndipo lori la maji la kaunsili likaingia, na mke wangu akashuka na kofia ya kanisa, mikono imejaa matope, akauliza kwa sauti sijawahi kuisikia nyumbani: "Nani ameleta tingatinga kwa ploti yangu? Mimi sijaita mtu."

D.O. akaomba kipande chako. Ukampa. Akakisoma, akaisoma karatasi ya ploti, akakisoma kipande tena. Kisha akanitazama mimi, na akacheka. Mtu wa serikali akacheka mbele ya raia! Akakuuliza, "Sasa mama, wewe kama mwenye ploti unataka nini?" Ukasema soko liendelee. Akafunga faili akaenda zake. Tajiri alikuwa ameshaondoka, hata mkono hakunipa.

Wanawake walipopiga vigelegele, kwa mazoea nilidhani ni vyangu. Mkono wangu uliinuka wenyewe na vidole viwili. Nikakumbuka kwamba siku hiyo nilikuwa nimekuja kutangaza nimehama chama, na wale wapya niliowaalika walikuwa nyuma yangu wakinitazama. Nimebaki bila hawa na bila wale. Magazeti ya jana yaliandika nimehama, na sheria humnyang'anya kiti aliyehama, kwa hivyo sasa kitapigiwa kura upya.

Mimi si mtu mbaya, Mama Cate. Kila diwani ana ploti. Walioanza tangu 1963 wana mashamba ambayo hata ndege huchoka kuyavuka, na hakuna mke wao aliyekata nyasi. Kwa nini mimi ndiye nianze kuwa mtakatifu? Nilifanya kwa ajili yako na Cate.

Kwa hivyo yaishe. Rudi nyumbani na kipande chako, utie sahihi mahali pamoja tu, ploti iwe kwa jina langu, nami nitaongea na tajiri. Nitakununulia friji. Hapa hakuna anayejua chumvi inakaa wapi. Wageni hawaji tena. Nje kumebaki udongo mtupu, na Bedan naye anasema kaunsili imemkataza kupitia hapa.

Mali ya mke ni mali ya mume. Hilo unalijua.

Mume wako,
Mheshimiwa Diwani J. Gakuru


Soko la Mifugo, Kitengela
21 Machi 1994

Baba Cate,

Chumvi iko kwenye mkebe wa majani ya chai, rafu ya chini. Mimi mzima. Cate nimemwandikia, amenijibu kwa ukurasa mzima wa kicheko.

Nimechelewa kukujibu kwa sababu ya kazi. Ungeona soko juma la Idd! Mbuzi walikuja kutoka Kiserian na hata Rombo. Watu walijaa mpaka kwenye barabara ya Namanga, na wenye hoteli wa Athi River walikuja kugombania mbuzi na masheikh. Mimi nimerudisha jiko langu pale pale, na lile jiwe lenu tumeling'oa, naliwekea sufuria. Nilikuwa nimesahau jinsi chai inavyonukia ukiipika nje na watu wanaisubiri. Naipanoi, ambaye alinitukana mwezi mzima, sasa ananiletea maziwa bila maji. Siku ya Idd Khadra alinishika mkono akanipeleka kwa kila nyumba ya Kisomali, akinitambulisha: "Huyu ndiye." Hakusema ndiye nani, na hakuna aliyeuliza. Tangu siku hiyo najua moyo wake umepona.

Umeandika kwamba si wewe uliyeanza, na ni kweli. Ndiyo sababu tulikuchagua wewe. Tuliwachoka walioanza. Hukututia hasira kwa kuwa mwizi mkubwa kuliko wao, ulitutia hasira kwa sababu ulikuwa wetu, na ulijua jua la uwanja huu linavyochoma.

Kura ikiitishwa upya, usisumbuke kuhamisha vyama tena. Kina mama wamekwisha kuzungumza, na wanamtaka Naipanoi. Anasema hajui hotuba. Tumemwambia hiyo ni sifa.

Ukitaka kuja, njoo Jumatano. Njoo kwa miguu, na koti lolote ulilo nalo. Madalali wamepungua na wewe ulikuwa dalali mzuri, hukuwahi kumpunja mjane. Nitakupa chai, na utailipia kama wengine. Kurudi kwangu nyumbani tutakuzungumzia baada ya hapo, na tutazungumza tumeketi wote wawili, wewe ukisikiliza.

Sasa kuhusu ile sahihi ya mahali pamoja. Umechelewa. Ijumaa nilikwenda ofisi ya ardhi na kofia yangu. Karani akanipa kiti kama siku ile. Nikamwambia nimeletea ploti wenyewe, akachungulia nyuma yangu akamwona Mzee Parsaoti, Naipanoi na Khadra. Tumeiandika iwe ya soko, mali ya wote, na hao watatu ndio walinzi wake. Haiwezi kuuzwa na mmoja wao, wala na mume wa mmoja wao. Hilo la waume nililiomba mimi liandikwe. Khadra alipotia sahihi aliandika jina lake mara mbili, akaomba radhi akisema ni saumu, na saumu ilikuwa imeisha siku nne. Tulipotoka nje tulipiga vigelegele mpaka polisi wa benki akaja kuona ni harusi ya nani.

Uliniandikishia ploti bila kuniuliza, Gakuru. Nami nimeitoa bila kukuuliza.

Teresia Gathoni Wachira